Ngoma Zimekwenda Wapi?

Mama Mwenyekiti wa kwaya alinipigia Jumatatu asubuhi, hata chai sijanywa. Hakuuliza nimeamkaje.

"Bwana Yesu asifiwe, fundi."

"Amina. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ngoma zetu zimekwenda wapi?"

Nikadhani mwizi kaingia kanisani usiku. Kumbe alikuwa amekaa sebuleni kwake na wanakamati wawili, wamechomeka kwenye redio ile flashi niliyomkabidhi jana yake baada ya tamasha. Waimbaji wanasikika vizuri, kila neno limekaa mahali pake. Kinanda kipo. Lakini yule kijana wa dramu, aliyetikisa madirisha ya kanisa tangu saa nane mchana hadi jua kuzama, kwenye flashi alisikika kama mtu anayekung'uta kijiko kwenye sufuria nyumba ya tatu.

Nilimwambia nitapita jioni. Kisha nikabaki nimekaa kitandani, nikijua kosa ni langu na nikijua pia kwamba halirekebishiki.

Nilikuwa nimerekodi kwa njia ya kila fundi anayeanza: nyaya mbili kutoka tundu za rekodi za miksa, ile mashine inayokusanya sauti zote za ukumbini, kulia na kushoto, hadi kwenye laptopu. Kinachotoka hapo ni kile kile kinachokwenda kwenye spika kubwa, na huo ndio mtego. Ukumbi una sauti zake ambazo hazipiti kwangu kabisa. Dramu hazihitaji miksa ili zisikike ndani ya kanisa la kuta za tofali na paa la bati. Zinahitaji kuombewa zipungue. Nilikuwa nimeziwekea maiki moja tu, kwenye ile ngoma kubwa ya kukanyaga kwa mguu, na feda yake niliipandisha kidogo tu. Gitaa la solo lilikuwa na spika yake jukwaani, likinguruma lenyewe. Waimbaji 40 ndio waliohitaji msaada, kwa hiyo wao niliwainua.

(Nikisema feda nina maana ya vile vidude vya kusukuma juu na chini mbele ya miksa. Utani wa feda na fedha tumeshauchosha: fundi ana feda 24 mkononi, nauli ya kurudia nyumbani hana.)

Fundi wa ukumbini hapiki. Anaonja, kisha anaongeza chumvi pale ilipopungua. Ukichota kwenye mlango mkuu wa miksa unachota chumvi. Mchuzi wenyewe umebaki kanisani. Kadiri ukumbi ulivyo mdogo na vyombo vinavyopiga kelele vyenyewe vilivyo vingi, ndivyo rekodi ya aina hiyo inavyopotoka. Na kinachoudhi ni kwamba kazi nzuri ya ukumbini haiiponyi. Siku ile watu walinipongeza kwa sauti.

Tamasha lililofuata lilikuwa baada ya miezi miwili. Nikaazima rekoda ya traki 8 kwa rafiki yangu wa Kinondoni: kitu cha ukubwa wa sinia la chai, tundu nane, kadi ya kumbukumbu, na nafasi ya betri sita. Kila tundu lina traki yake. Unaondoka na mafaili manane yanayojitegemea, na uamuzi wa nani asikike zaidi ya nani unaufanya nyumbani, siku nyingine, bila spika kubwa kukupigia kelele kifuani.

Jambo hili sisi tunalichukulia poa, lakini Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipopelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi, hakukuwa na traki za kutenganisha. Sauti yake na vyombo viliingia kwa pamoja na vilitoka kwa pamoja. Aliyezidi alizidi milele. Hata mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya Alesis ilipotoa ADAT, mashine iliyoweka traki 8 juu ya kanda ya S-VHS, ile ile ya video, mafundi waliona mlango umefunguliwa. Sasa mlango huo ulikuwa mezani kwangu, umeazimwa, na mwenyewe anautaka Jumatatu.

Kazi ikawa: sauti naichota wapi?

Miksa yetu ni ya analogia, chaneli 24, yaani njia 24 za kuingizia sauti. Sauti ya maiki ikiingia inakutana kwanza na geini, inayoikuza kutoka unong'ono wa umeme hadi kiwango kinachofanyika kazi. Halafu zinafuata tundu za insati. Halafu vinobu vya besi na trebo, halafu feda, halafu makundi, yanayokusanya chaneli kadhaa pamoja, halafu mlango mkuu. Ni kama mfereji wa kijijini: ukichota juu, maji hayajapitiwa na mtu, ukichota chini, kila aliyenawa huko juu ameacha lake. Mlango mkuu ni chini kabisa. Miksa nyingine zina tundu la kutolea sauti ya kila chaneli peke yake, na hilo ni jambo jema, ila angalia limechukuliwa kabla ya feda au baada yake. Likiwa baada ya feda, kila ukimshusha mwimbaji ukumbini kwa sababu spika inataka kupiga filimbi, unamshusha na kwenye rekodi. Miksa yangu haina tundu hizo. Zimebaki insati.

Insati iliumbwa kwa kazi nyingine. Ni tundu moja lenye njia mbili: kwenye pini ya stirio, ncha inatoa sauti nje, pete inairudisha ndani, na mwili ni waya wa ardhi. Imewekwa ili uitoe sauti ya chaneli, uipitishe kwenye chombo kingine, kisha uirudishe. Mafundi wa zamani waligundua hila: chukua waya wa kawaida wenye pini ya mono, ile yenye ncha na mwili tu bila pete, uingize nusu, mpaka usikie mlio wa kwanza wa "ta". Usifike wa pili. Pini ikikaa hapo inaonja sauti bila kuikata, na chaneli inaendelea na safari yake kama kawaida.

Hila hiyo ni ya kweli na inafanya kazi. Inafanya kazi mpaka mtu apite.

Tulikuwa katikati ya wimbo wa tatu. Mhudumu mmoja, Mungu ambariki, aliona waya nyuma ya miksa umekaa nje nje, kama haujaingia vizuri. Akausukuma. "Ta" ya pili. Pini ya mono ikiingia yote, mwili wake unagusa ile pete ya kurudishia, yaani njia ya kurudi inaunganishwa na ardhi. Sauti inatoka kwenda kwenye rekoda, hairudi. Wale akina mama wa sauti ya pili wakafutika ukumbini, wamefumbua midomo, wanaimba kwa nguvu zao zote, na hakuna kitu. Mwalimu wa kwaya akanitazama. Namjua mwalimu huyu. Ana jicho moja la kuongozea na jingine la kuulizia. Nilihangaika na feda, na geini, na maiki yenyewe, nikamtuma kijana akabadilishe waya wa jukwaani, mpaka wimbo ukaisha. Sikufikiria kutazama nyuma ya miksa kwa sababu nyuma ya miksa nilipaacha salama.

Kwenye rekodi, sauti ya pili ilikuwa safi kuliko zote.

Nilipofika nyumbani sikulala. Nilikwenda Kariakoo kesho yake, nikanunua pini nane za stirio, nane za mono na mita za waya wenye ngao, nikakaa na chuma cha kulehemu. Dawa ni ndogo mno mpaka inatia hasira: upande wa miksa weka pini ya stirio, ncha na pete uziunganishe kwa lihamu, na kutoka kwenye muungano huo toa waya mmoja kwenda kwenye rekoda. Mwili kwa mwili. Sasa pini inaingia mpaka mwisho, kiume, na sauti inayotoka kwenye ncha inarudi yenyewe kupitia pete, huku rekoda ikinywa pembeni. Hata ukikuta miksa ya kizamani iliyogeuza ncha na pete, haijalishi, maana umeziunganisha. Mhudumu anaweza kusukuma mpaka achoke. Nyaya hizo nane bado ninazo. Nimezizungushia utepe mwekundu na mtu hazigusi.

Kuna faida moja ya insati ambayo sikuifikiria mwanzoni, nayo ndiyo iliyojibu swali la Mama Mwenyekiti. Kwa kuwa insati iko kabla ya feda, unaweza kurekodi maiki ambayo ukumbi hausikii. Tamasha lililofuata nilitundika maiki juu ya kichwa cha mpiga dramu, nikaiingiza chaneli ya 17, nikaipa geini, na feda yake nikaifunga kabisa mpaka chini. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kuniuliza mbona maiki ile haifanyi kazi. Nikamwambia inafanya, ila si kwa ajili yetu sisi tulio hapa. Alinitazama kama niliyemwambia neno la unabii.

Lakini traki ni nane, na watu ni wengi. Hapa ndipo pa kuumiza kichwa, na hakuna mwongozo wa kiwandani utakaokusaidia. Sauti nne za kwaya zilichukua traki nne. Sikutaka kuzichanganya, maana sauti ya tatu yetu huzidi kila ikifika kiitikio. Mwimbaji kiongozi moja. Gitaa la besi moja. Dramu moja. Ikabaki moja, na vimebaki kinanda na gitaa la solo. Nikaviweka kwenye kundi moja la miksa na kuchukua sauti kwenye tundu la kundi, ambalo liko chini ya mfereji, baada ya feda. Mpiga solo akapanda mori wimbo wa tano, akageuza kinobu cha spika yake, na maiki iliyokuwa mbele ya spika hiyo ikameza yote. Kinanda kikazama. Nilichokifunga pamoja kanisani sikuweza kukifungua nyumbani. Nikipata nafasi nyingine, kinanda kitakuwa na traki yake na mpiga solo atajua pa kwenda.

Kiwango cha sauti nacho kina kiburi chake. Miksa ya kazi hutoa sauti ya kiwango cha juu. Kiwango cha kawaida cha vifaa vya kazi ni volti 1.23 hivi, wakati vifaa vya nyumbani vimezoea volti 0.316. Tofauti hiyo inakaribia desibeli 12. Ukichomeka miksa ya kazi kwenye rekoda ndogo, taa nyekundu zinaweza kuwaka hata ukiwa umefunga geini za rekoda. Na sauti iliyogonga dari la kidijitali, yaani kiwango cha juu kabisa ambacho rekoda inaweza kuandika, imekatwa kichwa, huirudishi. Siku ya majaribio kwaya huimba kwa adabu, mchana na njaa. Siku yenyewe, watu wamevaa sare mpya na kanisa limejaa, wanapanda desibeli sita bila kujijua. Kwa hiyo mimi huweka kilele cha majaribio kwenye desibeli 18 chini ya dari, na simsikilizi mtu anayeniambia rekodi iko chini. Ukirekodi kwa biti 24, kipimo cha jinsi rekoda inavyoandika sauti kwa undani, una nafasi ya kutosha huko chini. Kuinua baadaye ni bure.

Hapo pana jambo la heshima kati ya mafundi. Geini ni mlango wa wote wawili. Aliye kwenye miksa akiigusa katikati ya wimbo, rekodi nayo inaruka. Kama miksa ina mtu wake na wewe umekuja kurekodi tu, mweleze mapema, kwa upole, na umletee soda. Ataacha geini na kufanya kazi kwa feda.

Mvumo. Huu unanuka umeme. Mara ya kwanza kila kitu kilipounganishwa, hedifoni zilijaa "mmmm" nene ya hezi 50 pamoja na wajukuu wake wa 100 na 150. Rekoda ilikuwa inakula umeme wa adapta kwenye soketi ya madhabahuni, miksa iko soketi ya nyuma ya kanisa, na nyaya nane zimeunganisha ardhi mbili zisizolingana. Nilichomoa adapta, nikaweka betri, mvumo ukafa palepale. Siku zenye shughuli ndefu natoa umeme wa vyote viwili kwenye ekstensheni moja. Kuna mafundi wanaoponya mvumo kwa kung'oa ile pini ndefu ya ethi kwenye plagi. Nawajua, nimekula nao. Wanawawekea waimbaji mauti kwenye maiki ya chuma, mahali ambapo midomo inagusa, na hilo silitanii.

Betri zilinipa zawadi nyingine. Umeme ulikatika wimbo wa tisa. Spika kimya, taa kimya, miksa kimya. Kwaya haikunyamaza, waliendelea kuimba gizani kwa sauti za vifua vyao na dramu, mpaka jenereta ikawaka. Rekoda ilikuwa hai muda wote ule, lakini miksa iliyokufa haitoi kitu kwenye insati. Kwa hiyo nina dakika nne za ukimya mtupu, traki nane za ukimya, wakati kanisani ndipo palipoimbwa vizuri kuliko popote siku ile. Nikilala bado nazikumbuka.

Tangu hapo huweka rekoda ndogo ya mkononi nyuma ya kanisa, yenye maiki zake na betri zake, inayosikiliza watu, makofi na jengo lenyewe. Ukiichanganya kwa mbali na traki nyingine, rekodi inapata kuta. Lakini ina mambo mawili ya kushughulikia. Iko mita 20 kutoka jukwaani, na sauti inatembea kama mita 346 kwa sekunde katika joto la nyuzi 25, kwa hiyo inachelewa karibu milisekunde 58. Usipoisogeza mbele utasikia kila pigo la dramu mara mbili. La pili, kila mashine ina saa yake ya ndani, na saa mbili hazikubaliani. Zikipishana sehemu 20 tu kwa milioni, baada ya saa moja zimeachana milisekunde 72. Ndiyo maana mwanzoni na kila baada ya mapumziko nasimama mbele na kupiga kofi moja, kubwa, kavu. Watoto wa Shule ya Jumapili wamenizoea. Wao hupiga la pili, na hilo linaniharibia hesabu.

Kadi ya kumbukumbu haina hadithi ndefu, ina hesabu tu. Traki moja ya biti 24, sauti ikipimwa mara 44,100 kila sekunde, inakula baiti 132,300 kila sekunde. Mara nane, mara saa nzima, ni GB 3.8. Kadi ya GB 16 inakwisha baada ya saa nne na dakika chache, na tamasha la kwaya nane lenye mahubiri, risala na harambee halijawahi kwisha kwa saa nne. Nunua kadi mbili.

Vijana wataniambia haya yote yamepitwa. Ni kweli kwa sehemu. Miksa za kidijitali kama Behringer X32, iliyotoka mwaka 2012, zinatoa chaneli 32 kwa waya mmoja wa USB hadi kwenye laptopu. Hakuna lihamu, hakuna "ta" ya kwanza wala ya pili. Nimeitumia katika harusi moja Mbezi na nikaona raha. Ila kwenye skrini yake kuna ukurasa wa kuchagua sauti itoke wapi, kabla au baada ya feda, kabla au baada ya vinobu. Ni ule ule mfereji, umepakwa rangi. Na kijana niliyemkuta nayo alikuwa ameuchota chini. Dramu zake zilikuwa kijiko na sufuria.

Mwezi uliopita nilimaliza kuchanganya tamasha la mwisho na kulipeleka kwa Mama Mwenyekiti. Safari hii alikuwa amewaita na vijana. Tulikaa sebuleni, chapati mezani, nikabonyeza. Wimbo wa kwanza ulipoingia, dramu zilijaa chumba kizima, mpaka vikombe kabatini vikaitikia. Mama akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu kwa furaha. Mpiga dramu alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, amejikunja. Alisikiliza wimbo wa kwanza. Alisikiliza wa pili, ambao katikati yake anakimbia mbele ya kwaya mpaka mwalimu anampungia mkono. Nilikuwa nimeisikia sehemu ile labda mara ishirini, usiku, hedifoni masikioni.

Wimbo wa tatu ulipoanza alisogea kwangu kwa magoti, akaninong'oneza.

"Kaka fundi. Hiyo traki yangu, haiwezi kupungua kidogo?"